Gari inalia kama kopo la misumari ikiwa sailensi tu, nikigusa mafuta inanyamaza

dereva_mchovu

Wakuu habari zenu, naomba msaada kabla mafundi hawajanimaliza. Gari yangu ni ndogo ya petroli, silinda 4, cc 1500, otomatiki, imetembea kama km 168,000 hivi. Mwezi wa tatu sasa ina kelele. Ikiwa sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), hasa nimesimama kwenye taa, gia iko D na mguu uko kwenye breki, inaanza trrrrr cha cha trrrrr kama mtu katia misumari kwenye kopo anatikisa taratibu. Nikigusa mafuta kidogo tu, sindano haijafika hata 1000, inanyamaza kabisa. Nikiachia inarudi. Nikiweka N inapungua sana ila haiishi. Nikiwa natembea siisikii, gari inavuta vizuri, mafuta haili kuliko zamani, taa ya cheki injini haijawaka.

Fundi wa kwanza alisimama mbele ya gari kama dakika moja, boneti hata hakufungua, akasema maunting (zile raba zinazobeba injini). Nikanunua maunting ya upande wa kulia, akafunga, siku 2 nikaona kama imetulia (nahisi ni moyo wangu tu ndo ulitulia), ya tatu kelele ikarudi vilevile. Nikaenda kwa wa pili, huyu akasema taiming cheni, ule mnyororo wa ndani unaoendesha valvu, imelegea, injini ishushwe, na tukishaishusha "tutaangalia na mengine". Hayo mengine ndo yananinyima usingizi. Kuna mtu amewahi kukutana na kitu kama hiki? Nianzie wapi?

pikipiki_tu

Ongeza sauti ya redio mkuu. Mimi ndo dawa niliyoitumia miaka 2, na siku nauza gari nilimkabidhi mnunuzi ikiwa inaunguruma na redio imewaka 😂

spana_kumi

Usishushe injini. Narudia, usishushe injini. Sisemi cheni haiwezi kuwa mbovu, nasema mpaka sasa hakuna aliyekuonyesha kwamba ni cheni, na hiyo kelele unayoieleza haina tabia za cheni.

Sikiliza. Injini ya silinda 4 inachoma mara 2 kila krenki (shafti kuu ya injini) ikizunguka raundi moja. Ikiwa 750 RPM (raundi kwa dakika) hayo ni mapigo 25 kwa sekunde, ikishuka mpaka 600 yanakuwa 20. Kila pigo ni kangumi kadogo kanakopita kwenye maunting, kwenye ekzosi, mpaka kwenye bodi. Sasa kila bati na kila bomba lina mwendo wake linaopenda kutikisika, ni kama bembea, ukiisukuma kwa wakati wake inapanda yenyewe, ukiisukuma ovyo inagoma. Ndo maana kelele yako ipo kwenye RPM fulani tu, ukigusa mafuta injini inatoka kwenye mdundo ambao hicho kitu kinaucheza na kinakaa kimya. Kitu cha namna hiyo mara nyingi ni chepesi na kimelegea, kipo nje ya injini. Mlio wa beringi za krenki kwa mfano hauna aibu namna hiyo, ukikanyaga mafuta nao unakimbia na injini, ko, ko, ko unageuka kokokoko, na ni mzito unausikia mpaka kwenye nyayo. Cheni iliyolegea nayo mara nyingi inalia asubuhi injini ikiwa ya baridi, sekunde chache za kwanza kabla oili haijapanda kusukuma tensiona inayokaza cheni, na mlio unatokea ubavuni mwa injini pale penye kava la cheni. Wewe hujasema chochote kuhusu asubuhi.

Halafu jiulize kwa nini N inapungua. Ukiwa D umekanyaga breki, gia inataka kuondoka na wewe umeizuia, kwa hiyo injini imebeba mzigo, RPM inashuka kidogo, na injini yenyewe inaegemea upande mmoja kwenye maunting zake. Vitu 3 vimebadilika kwa pamoja. Fundi akiona D inalia na N haipo anakimbilia maunting, na simlaumu sana maana mara nyingi anapatia, ila alitakiwa atenganishe hivyo vitu kabla hujatoa hela.

Sasa fanya hivi bila kununua kitu chochote. Weka N, handbreki juu, mtu akanyage breki, angalia RPM ni ngapi. Weka D, angalia tena. Halafu ukiwa bado D washa AC, usikilize kelele inafanya nini, maana kompresa ikishika magari mengi yanajiongeza RPM yenyewe. Kama kelele inafuata RPM na haijali uko D au N basi maunting tuiache. Kama RPM ni ileile ila D inalia na N hailii, hapo maunting inarudi mezani. Cheki oili pia. Leta majibu.

mzee_wa_oili

Vijana mnazunguka mbuyu. Km 168,000 hiyo ni tapeti (vile vinavyosukuma valvu). Oili ikishachoka au ikipungua tapeti zinakosa presha zinaanza kulia tik tik tik. Mwaga hiyo oili weka nzito zaidi, kelele kwisha, nimetumia dawa hii kwenye magari yangu yote.

DadaGereji

Mzee wangu heshima yako, kuhusu kuangalia oili uko sahihi na ndo ingetakiwa iwe ya kwanza kabisa, gari isimame sehemu tambarare, izimwe, isubiri dakika kadhaa oili ishuke, vuta dipstiki ufute, urudishe, uvute tena. Kwenye magari mengi madogo kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo ikiwa imegusa alama ya chini tayari una upungufu wa maana. Na presha ya oili huwa chini kabisa injini ikiwa ya moto na iko sailensi, kwa hiyo anayesikia kelele muda huo lazima acheki oili, huo si ubishi.

Ila hapo pa kuweka oili nzito ili kelele ife, hapana. Umeziba mdomo wa mgonjwa hujamtibu. Hizi injini za sasa zina njia nyembamba za oili, tensiona ya cheni na mfumo wa kugeuza muda wa valvu vinategemea oili ipite haraka asubuhi, ukiweka nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari unachelewesha hiyo oili wakati injini inaihitaji kuliko muda wowote. Halafu tapeti zinalia tik tik kwa mpangilio, kama cherehani, na ukiongeza mafuta ule mpangilio unaenda mbio. Huyu anasema misumari kwenye kopo na inanyamaza akigusa mafuta. Hizo ni sauti 2 tofauti kabisa.

Mchovu, swali langu ni moja. Kelele umeisikilizia wapi? Umekaa kwenye usukani tu? Toka nje, zunguka gari, chuchumaa kila kona. Na mtu mwingine akae siti ya nyuma akwambie.

dereva_mchovu

Asanteni sana, mmenipa kazi na nimeifanya leo. Majibu ndo haya.

Oili ipo katikati ya alama, rangi ni nyeusi ila siyo tope. Asubuhi nimewasha nikiwa nimefungua boneti kabisa nasikiliza, hakuna mkwaruzo wowote wa sekunde za kwanza, na cha ajabu ile kelele yangu pia haikuwepo! RPM ilikuwa 1300 ikiwa ya baridi, ikashuka taratibu, ilipofika chini ya 700 ndo ikaanza. Kwa hiyo spana_kumi naona ile bembea yako.

Ikiwa ya moto N ni 650 na D ni 560 hivi. Nilipowasha AC ikapanda mpaka 750 ikiwa D hiyohiyo, kelele IKAPOTEA. Nikazima AC, ikarudi. Nimefanya mara 6 maana nilikuwa siamini.

Na hili la siti ya nyuma limenichekesha. Nilimweka mwanangu wa miaka 8 nyuma, nikamwambia sikiliza kelele inatoka wapi, hakuuliza hata mara ya pili, akasema "baba mbona iko chini ya miguu yangu". Miezi 3 mimi niko mbele naangalia boneti na mafundi 2 wako mbele wanaangalia boneti.

spana_kumi

Mpe huyo mtoto koti la gereji aanze kazi Jumatatu.

Basi tumeshajua mengi. Uko D na mzigo wote upo, maunting ni zilezile, umepandisha RPM kwa AC na kelele imekufa. Kwa hiyo inafuata RPM. Na iko chini katikati ya gari, huko kuna ekzosi, masega (kile kifaa cha kusafisha moshi) kwenye baadhi ya magari, na mabati yanayozuia joto. Pia 560 ikiwa D ni chini mno kwa injini kama hiyo, hilo tutarudi kwake.

Ila kwanza toa wasiwasi wa mkanda wa mbele ili usije ukajiuliza baadaye. Gari ikiwa imezimwa toa fani belti, washa sekunde 30 tu usikilize, zima. Kelele ikiwepo bila belti basi altaneta, kompresa, puli na tensiona zote hazina hatia. Usiiache iungurume muda mrefu maana kwenye magari mengi belti hiyo ndo inazungusha pampu ya maji, na taa ya betri itawaka, usiogope. Kama hujawahi kutoa belti usijifunzie hapo, kwa majibu uliyoleta siyo lazima.

DadaGereji

Kabla hujaenda chini soma hii mara 2 tafadhali. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama jeki ni mpya. Stendi za jeki 2 sehemu ngumu, au panda rampu, na matairi yaliyobaki chini yazuiwe. Ekzosi ikishafanya kazi ina joto la kukubandua ngozi, na masega ndo usiseme, hiyo inafanya kazi kwa mamia ya nyuzi joto. Kwa hiyo kazi ya kugusa kwa mkono ifanye gari ikiwa imelala usiku mzima. Na injini isiungurume ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake hauna harufu ya kukustua mpaka umeshakulegeza.

Ikiwa ya baridi piga masega kwa ngumi yenye glavu au nyundo ya raba, taratibu, usiikomoe. Ndani yake kuna tofali la kauri lenye matundu madogomadogo kama ya nyuki, ndo jina limetoka hapo. Tofali likipasuka vipande vinacheza ndani na utasikia kama kokoto kwenye chupa. Ikiwa zima unasikia "du" basi. Halafu shika mabati moja moja, yale mepesi yaliyofunika bomba na masega kwa juu na kwa chini, yatikise. Tikisa bomba lenyewe pia, juu chini na kushoto kulia, uone kama linagusa bodi popote, na raba zinazolibeba kama zimekatika au zimelegea kama mpira wa soksi ya zamani.

Kama huoni kitu, sasa gari ikiwa sailensi na inalia, chukua ufito mrefu wa mbao, mpini wa fagio unatosha, chuchumaa PEMBENI ya gari siyo chini yake, ukandamize kila bati kwa ncha. Ukikandamiza la kwake kelele inakatika palepale kama umemziba mtu mdomo. Mimi katika kazi yangu huo mpini umenitatulia kelele nyingi kuliko mashine ya kupima.

mzee_wa_oili

Na kama ikiwa ni sahani ya flaiwili imepasuka? Hiyo kwenye otomatiki inalia sailensi vilevile na watu wanaishia kuua injini nzima ya bure. Nimeona kwa macho.

spana_kumi

Mzee hapo umegusa penyewe na nilisahau kuitaja. Kwenye otomatiki ile sahani nyembamba inayounganisha krenki na toku konveta ya gia ikipata ufa, au bolti zake zikilegea, inagonga sailensi na wengi wanaichanganya na beringi za krenki. Ila inakuwa na mlio wa chuma kugonga chuma, na inatokea pale injini inapoungana na gia, siyo chini ya miguu ya mtoto siti ya nyuma. Tuiweke akiba, mpini ukishindwa tutaenda huko.

dereva_mchovu

WAKUU NIMEIPATA.

Ngoja nielezee vizuri maana kuna mtu mwingine ataisoma siku moja akiwa na mawazo kama yangu. Leo asubuhi gari ilikuwa ya baridi kabisa, nimepandisha mbele kwa rampu, nimeziba matairi ya nyuma kwa mawe, nikaingia na tochi. Masega nimeipiga, "du", imetulia. Raba za ekzosi 4 zote nzima ila moja ina nyufa za juujuu. Mabati yapo 3. La mbele limeshikwa vizuri, la nyuma limeshikwa vizuri, la katikati, hili refu linalokaa juu ya bomba kati ya bomba na sakafu, nikaligusa kwa kidole tu likasema TRRRR. Nilicheka peke yangu chini ya gari kama mwehu. Ni sauti ileile, ileile ya miezi 3.

Linashikwa na bolti 4. Mbili zipo. Ya tatu ipo ila bati limeoza kuizunguka, tundu limekuwa kubwa kuliko kichwa cha bolti, kwa hiyo bati linatembea na bolti imekaa tu inaangalia. Ya nne haipo, imebaki kutu. Na kuna sehemu kama ya ukucha hivi, bati limekuwa linajisugua kwenye bomba, kila mahali ni kutu na vumbi halafu hapo tu panang'aa kama sarafu mpya. Hata kama sijui ufundi, pale hapahitaji fundi.

Mpini wa fagio pia nimefanya kwa ajili ya kujiridhisha. Nimewasha, ikapata moto, ikaanza kulia, nimekandamiza kwa pembeni, kimya. Nimeachia, trrrr. Nimemwita mke wangu aje aone, akaniuliza kwa hiyo ile maunting tuliinunua ya nini.

Sasa naling'oa tu lote nitupe? Jirani kasema gari inatembea vizuri bila hilo bati.

DadaGereji

Hongera! Usilitupe. Itatembea ndiyo, na siku moja utaegesha kwenye majani makavu, au zulia lako litaanza kunuka moto chini ya miguu ya huyo fundi wako mdogo. Lile bati linalinda sakafu, nyaya na mabomba yanayopita humo, kwenye magari mengi hata bomba la mafuta lipo hukohuko. Watengenezaji hawakuliweka kwa urembo.

Pa tundu lililooza tafuta washa (kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya kichwa cha bolti) pana, pana kweli, kipenyo kikubwa kuliko sehemu iliyooza ili ishike bati zima, weka moja juu na moja chini kama nafasi ipo. Kabla ya kugusa zile bolti 2 nzima zipulizie dawa ya kutu uziache, usizilazimishe, ukikata ya tatu utajuta. Pale ambapo bolti haipo kabisa na huwezi kutoboa, tumia klampu ya chuma isiyoshika kutu, zile za kubana hosi, kama bomba ni nene unaunganisha 2 zinakuwa moja ndefu. Unazungusha bati na bomba kwa pamoja, unabana mpaka litulie, usibane mpaka bati likunjamane. Kichwa cha skrubu kigeuzie pembeni kisiguse sakafu, la sivyo utakuwa umetengeneza kelele mpya. Klampu za plastiki usijaribu, zinayeyuka siku hiyohiyo.

Na pale panapong'aa likunje kidogo kwa mkono bati liachane na bomba, likae na nafasi ya kidole hivi.

spana_kumi

Na ile 560 usiisahau. Bati limelegea pengine muda mrefu tu, na nahisi umeanza kulisikia baada ya RPM kushuka likaingia kwenye mdundo wake. Ukifunga bati bila kushughulikia RPM kelele hii itakufa ila gari itaendelea kutetemeka kwenye taa, na kitu kingine kitalegea.

Fungua hosi ya hewa uangalie throto, ule mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini. Km 168,000 bila kusafishwa utakuta ukingo wake umejenga mafuta meusi, hewa inayopita mlango ukiwa umefunga imepungua, injini inakosa pumzi sailensi. Tumia dawa ya kusafishia throto na kitambaa laini, swichi ikiwa imezimwa, na kama ni ya umeme usiusukume ule mlango kwa vidole kwa nguvu maana gia zake ndani ni za plastiki. Baada ya hapo RPM inaweza kukaa juu kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya, baadhi ya magari yana utaratibu wake kwenye kitabu. Kama RPM ikibaki chini au injini inamisi, angalia plagi na koili, na hosi za vakyumu zilizopasuka.

mtafutaji_utulivu

Samahani naingilia, mimi yangu inalia asubuhi tu, sekunde 2 au 3 krrrrr halafu kimya siku nzima, ikiwa ya moto haina kitu. Ni bati pia?

spana_kumi

Hapana mkuu, hiyo yako ndo inafanana na cheni, na wewe usidharau. Anza na oili, kiasi na aina, halafu filta. Filta nyingi zina kijilango cha raba kinachozuia oili isirudi chini gari ikilala, filta hafifu haishiki, asubuhi injini inaamka mabomba yakiwa matupu. Badilisha oili na filta nzuri uone. Ikiendelea mpe fundi asikilize injini IKIWA YA BARIDI, gari ilale kwake usiku mzima, ukimpelekea ya moto atakwambia haina tatizo na atakuwa anasema kweli.

mzee_wa_oili

Filta. Nilisema oili mimi tangu mwanzo 😁

dereva_mchovu

Marejesho baada ya wiki. Bati nimelifunga kwa washa pana 2 na klampu 2 zilizounganishwa, kazi yenyewe kama dakika 40, zaidi ya nusu nilikuwa nahangaika na kichwa cha skrubu kisiguse sakafu. Siku ya kwanza kimya. Siku ya nne nikasikia tri kidogo nikashtuka, nikarudi chini asubuhi nikakuta klampu imelegea kiasi, nadhani joto na baridi vimeifanya ikae vizuri, nikaongeza nusu raundi na bisibisi, tangu hapo haijasema kitu.

Throto nimesafisha, kile kitambaa kilitoka cheusi kama nimefuta sufuria la kuni. Siku ya kwanza ilikaa 1100 nikaogopa nikajua nimeharibu, nikaendesha kama nusu saa, ikashuka yenyewe. Sasa N ni 720 na D ni 670, na ule mtetemo wa usukani niliokuwa nimeshauzoea kwenye taa haupo, nilikuwa hata sijui kwamba ni tatizo. Plagi bado sijagusa, nitaangalia kwenye sevisi.

Yule fundi wa cheni amenipigia jana kuuliza lini nashusha injini. Nikamwambia ilikuwa bati. Akanyamaza kidogo, akasema "nilihisi".